Homa ya Ini B: Kirusi Chenye Sura Nyingi

Anayeingia somo hili mara nyingi huja akiamini kwamba kirusi cha homa ya ini B ni kimoja tu. Kwa kutoa chanjo, imani hiyo inatosha. Kwa kutibu, haitoshi.

Kirusi hiki ni kidogo kupindukia: urithi wake wote umo katika herufi zipatazo 3,200. Kikijinakili hupitia kwanza RNA, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo hakirudi nyuma kusahihisha. Makosa yamelimbikizana hadi zikazuka jamii zinazotofautiana kwa zaidi ya asilimia 8, nazo huitwa kwa herufi, A hadi J. B na C zimetawala Asia Mashariki, E Afrika Magharibi. Kwetu Afrika Mashariki hukutana zaidi A na D.

Tazama herufi ya 1896. Kwa kawaida ni G. Ikigeuka A, kirusi hakitengenezi tena antijeni e, protini inayopimwa damuni kama ishara kwamba virusi vinazaliana. Majibu ya maabara yakisema antijeni hiyo haipo, daktari hufarijika, kumbe virusi huenda bado vinazaliana na ini linazidi kuumia. Geuko hili ni la kawaida kwa jamii D na adimu kwa jamii A. Sababu yake inapendeza: RNA inapojikunja, herufi ya 1896 hushikana na ya 1858, ambayo kwa jamii A aghalabu ni C. C hushikana na G. G ikiondoka, kikunjo hulegea na kirusi hushindwa kujinakili vizuri. Ndiyo maana, hata majibu yakisema antijeni e haipo, bado napima wingi wa virusi na vimeng'enya vya ini.

Dawa nazo huchagua. Interferoni huitikiwa vizuri zaidi na jamii A kuliko D. Lamivudini ikitumiwa peke yake kwa miaka mitano, usugu hufikia takriban asilimia 70, na wengi wenye VVU waliwahi kuitumia bila dawa nyingine ya kukabili kirusi hiki. Tenofovir imefanya kazi dhidi ya jamii zote.

Kirusi hiki kina ujanja mwingine: jeni la kimeng'enya na jeni la ganda yamepandana juu ya herufi zilezile. Geuko linaloleta usugu laweza pia kubadili ganda, yaani antijeni ileile inayotafutwa na vipimo na ambayo chanjo huufundisha mwili kuitambua. Hapo ndipo tutakapoanzia.