Mwigizaji wa Marekani: ajiunge na chama au abaki nje?

Jioni ya Julai 13, 2023, waigizaji wa filamu ya Oppenheimer walikuwa London kwenye uzinduzi wa filamu yao. Walipigwa picha, kisha wakaondoka kabla filamu haijaanza kuonyeshwa. Chama chao cha wafanyakazi, SAG-AFTRA cha Marekani, kilikuwa kinaingia kwenye mgomo, na wakati wa mgomo mwanachama haruhusiwi hata kuitangaza filamu aliyokwisha kuigiza.

Mastaa kama hao wana akiba ya kukaa bila kazi. Lakini SAG-AFTRA ina wanachama takriban 160,000, wakiwemo watangazaji wa redio na televisheni, na wengi wao si mastaa. Wamo wanaoigiza muuguzi anayesema maneno mawili tu, au polisi anayefungua mlango. Siku nyingine wanahudumia wateja hotelini au wanaendesha teksi. Kwa watu hawa, uamuzi wa kuingia chamani au kubaki nje unagusa kodi ya nyumba na chakula cha watoto.

Je, mwanachama anapata nini, na anatoa nini?

Chama kilianzaje?

Chama cha waigizaji wa filamu kilianzishwa Hollywood mwaka 1933, wakati uchumi wa Marekani ulipokuwa umeanguka na studio zimetangaza kukata mishahara kwa nusu. Saa za kazi hazikuwa na kikomo. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Boris Karloff, aliyeigiza zimwi katika filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931.

Mwaka 1960 chama kiligoma, rais wake akiwa Ronald Reagan, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Marekani. Mgomo ule ulileta mfuko wa pensheni na afya. Ulileta pia malipo ya marudio kwa filamu za sinema zinazoonyeshwa kwenye televisheni, yaani mwigizaji analipwa tena kazi yake inapotumika tena. Mwaka 2012 chama hicho kiliungana na kile cha watangazaji na wasanii wa redio na televisheni, ndipo likapatikana jina la SAG-AFTRA.

Anachopata mwanachama

Kwanza, kima cha chini cha malipo. Chini ya mkataba mkuu wa filamu na televisheni, mwigizaji mwenye maneno ya kusema hulipwa zaidi ya dola 1,000 kwa siku moja ya kazi. Filamu za bajeti ndogo zina viwango vya chini zaidi, lakini navyo vimewekwa na chama.

Pili, masharti ya kazi. Muda wa ziada unalipwa, na mwigizaji akikaa zaidi ya saa sita bila kupewa chakula, mtayarishaji anatozwa faini ambayo inaenda kwa mwigizaji.

Tatu, malipo ya marudio, pensheni na bima ya afya. Bima ndiyo inayotamaniwa zaidi, kwa sababu matibabu Marekani ni ghali mno. Lakini uanachama peke yake hautoshi. Mwaka 2023, njia kuu ya kuipata bima hiyo ilikuwa kufikisha kipato cha dola 26,470 kwa mwaka, tena kutokana na kazi za chama tu. Wakati wa mgomo viongozi wenyewe walisema kwamba wanachama wengi hawafikii kiwango hicho.

Anachotoa

Kiingilio cha kitaifa ni dola 3,000, zaidi ya shilingi milioni 7 za Tanzania. Baada ya hapo kuna ada ya kila mwaka ya zaidi ya dola 200, pamoja na asilimia ndogo ya kila anachokipata kwenye kazi za chama.

Hata hivyo, gharama kubwa zaidi haimo kwenye risiti. Kanuni ya kwanza ya chama inasema mwanachama asifanye kazi kwa mtayarishaji ambaye hajatia saini mkataba na chama. Matangazo mengi madogo ya biashara, video za makampuni na filamu za vijana wanaoanza hutengenezwa nje ya mkataba huo. Siku mwigizaji anapojiunga, kazi hizo zinafungwa kwake, hata kama ndizo zilizokuwa zikimlisha.

Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi anaielewa hali hii. Chama cha msingi kinakusanya korosho za wote ili ziuzwe mnadani, mnunuzi asije akampunja mmoja mmoja. Lakini malipo ya mnada husubiriwa, na karo ya shule haisubiri. Anayeuza kwa kangomba anapata fedha leo, kwa bei ya chini, na anadhoofisha bei ya jirani yake. Tofauti ni kwamba kangomba imekatazwa na serikali, wakati kanuni ya waigizaji imewekwa na chama chao wenyewe.

Ajiunge lini?

Chama hakimpokei kila anayebisha hodi. Njia za kawaida ni kupata nafasi ya kusema katika kazi ya chama, au kufanya siku tatu za kazi ya chama kama mmoja wa watu wanaojaza mandhari, mfano abiria kituoni.

Akishapata sifa hiyo, halazimiki kujiunga siku hiyohiyo. Sheria ya kazi ya mwaka 1947 inampa siku 30 za kufanya kazi za chama kabla ya kulazimika kulipa. Katika majimbo kama Georgia, ambako filamu nyingi kubwa hupigwa, sheria ya jimbo hairuhusu kumlazimisha mtu kujiunga hata baada ya hapo.

Ndiyo maana wengi husubiri. Akijiunga mapema mno, anashindana na watu wenye uzoefu wa miaka mingi huku amefungiwa kazi ndogo ambazo zingemfundisha. Akichelewa mno, anazeeka katika kazi zisizo na pensheni wala malipo ya marudio.

Ipo pia njia ya katikati, iliyotokana na hukumu za Mahakama Kuu ya Marekani. Mtu anaacha uanachama kamili, analipa ada iliyopunguzwa, na anaweza kufanya kazi za pande zote mbili. Lakini hapigi kura, hagombei uongozi, na si rahisi kurudi. Wenzake wengi humwona msaliti, kwa kuwa anakula matunda ya mgomo ambao halazimiki kuushiriki.

Mgomo wa 2023 ulionyesha nini?

Mgomo ulidumu siku 118, kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9. Waandishi wa filamu nao walikuwa wamegoma tangu Mei, na vyama hivyo viwili havikuwa vimegoma kwa wakati mmoja tangu 1960. Waliokuwa na akiba ndogo waliumia, na mastaa kadhaa walichangia mamilioni ya dola kusaidia wenzao. Madereva, mafundi na wapishi wa studio nao walikosa kazi, ingawa mgomo haukuwa wao.

Mwishoni waigizaji walipata nyongeza ya malipo. Walipata pia kinga mpya: studio ikitaka kutengeneza nakala ya kompyuta ya sura au sauti ya mwigizaji, lazima apewe taarifa, akubali na alipwe. Asilimia 78 ya waliopiga kura waliukubali mkataba huo.

Hakuna mwigizaji wa nafasi ndogo ambaye angeweza kuibana studio kubwa peke yake ikubali sharti kama hilo. Lakini ni yeye huyohuyo aliyekaa karibu miezi minne bila kazi ili lipatikane. Kwa anayefikiria kujiunga, hesabu inaanzia hapo: ana kazi za chama za kutosha kumlisha, na ana akiba ya kumvusha siku wenzake watakapoamua kugoma?