Je, Wajua? Dozi ya Nebulaiza kwa Mtoto na kwa Mtu Mzima

Dawa ya kufungua kifua huokoa maisha, mradi kipimo chake kiwe sahihi. Soma, kisha umsomee na mwenzio.

Je, wajua kuwa dozi ya nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvutwa, haifuati uzito hatua kwa hatua? Salbutamoli, dawa ya kufungua kifua kwa mgonjwa wa pumu, kwa mtoto wa chini ya miaka 5 kwa kawaida ni miligramu 2.5, wa miaka 5 hadi 11 hupewa 2.5 hadi 5. Kuanzia miaka 12 na kuendelea, watu wazima wakiwemo, ni 5. Mtu wa kilo 70 hupata mara mbili tu ya mtoto wa kilo 10. Mtoto huvuta hewa kidogo, hivyo ukungu mwingi humpita, na kinachofika mapafuni hupungua chenyewe.

Je, wajua kuwa hata kwa mtu mzima sehemu kubwa ya dawa haifiki mapafuni? Nyingine hubaki kwenye kikombe cha mashine, nyingine hupotea hewani. Matone yanayofaa ni ya mikroni 1 hadi 5. Makubwa zaidi hunasa mdomoni na kooni. Mtoto akilia, au barakoa ikikaa mbali na uso, dawa inayoingia hupungua sana.

Je, wajua kuwa hatari kubwa imo katika kusoma lebo? Kuna salbutamoli ya miligramu 5 kwa kila mililita, na kuna vichupa vya miligramu 2.5 ndani ya mililita 2.5. Ukichota mililita 2.5 za ile kali ukidhani ni hii nyepesi, mtoto atapata miligramu 12.5: mara tano ya dozi yake!

Je, wajua kuwa dawa huongezewa maji ya chumvi ya hospitali, si maji matupu? Maji yasiyo na chumvi yanaweza kuibana zaidi mirija ya mgonjwa wa pumu.

Je, wajua kuwa katika shambulio kali la pumu huongezwa dawa ya pili, ipratropiamu? Kwa watoto hadi miaka 11 ni mikrogramu 250. Kuanzia miaka 12 ni 500. Hizo ni mikrogramu, si miligramu.

Je, wajua kuwa hospitalini dozi inaweza kurudiwa kila dakika 20 katika saa ya kwanza? Hufanyika chini ya uangalizi, kwa sababu salbutamoli nyingi huuendesha moyo mbio, hutetemesha mikono na kushusha potasiamu mwilini.

Je, wajua kisa cha New Zealand? Inhela (pampu ndogo ya kupulizia dawa mdomoni) ya fenoteroli, dawa ya jamii moja na salbutamoli, iliingia huko mwaka 1976, ikiwa na mikrogramu 200 kwa mpulizo mmoja, ilhali ya salbutamoli ilikuwa na 100. Vifo vya pumu vikaongezeka. Matumizi yake yalipobanwa mwaka 1989, vifo vikapungua.

Je, wajua kuwa mashine si lazima kila mara? Inhela yenye spesa, yaani chombo kinachounganisha inhela na mdomo, hufanya kazi sawa na nebulaiza katika mashambulio mengi. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kuwa hata chupa ya soda ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kwa inhela na kuzibwa vizuri, huwafaa watoto kama spesa ya dukani.

Je, wajua kuwa mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu unaotokana na moshi anaweza kudhuriwa na oksijeni nyingi? Nebulaiza yake ni heri iendeshwe kwa hewa ya kawaida, na oksijeni ipimwe kando.

Kabla mashine haijawashwa, mzazi au ndugu wa mgonjwa ana haki ya kuuliza: ni miligramu ngapi, chupa hii ina nguvu gani, na dozi iliyopita ilitolewa saa ngapi? Mhudumu mwema hatakasirika. Na dawa ikishindwa kumpa mgonjwa nafuu, au ikiisha nguvu kabla ya muda wa saa nne kupita, usiongeze dozi nyumbani: mkimbize hospitali.