Tuwaulize wazee wetu wangali hai

Hapa Goma tunazika mara nyingi. Na mara nyingi historia ya marehemu inayosomwa ni mistari mitatu tu: alizaliwa kuelekea mwaka fulani, alimpokea Yesu, ameacha watoto na wajukuu.

Tuliogopa mistari hiyo kwa ajili ya mama mmoja mzee, rafiki wa jamaa yetu. Watoto wetu wanamwita Tate, ingawa si wa damu yetu. Karatasi zake ziliungua pamoja na nyumba tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya mji mpaka ziwani. Mwaka wa kuzaliwa haujui.

Tulijifunza kutomuuliza miaka, bali matukio. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, ulikuwa umeolewa? Akajibu kwamba alikuwa akimnyonyesha mtoto wa kwanza. Basi alizaliwa kuelekea 1940. Volkano ya Januari 1977, vita, kufika kwa wakimbizi Julai 1994: kila tukio lilifungua jingine.

Kisha tukaomba parokia yake ya zamani ifungue daftari la ubatizo. Jina lake halikuwamo. Tukakumbuka kwamba mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kizungu ya ubatizo, na watu wengi wakabaki na majina ya kienyeji tu. Anayemtafuta mtu aliyebatizwa kabla ya hapo atafute majina yote mawili. Tulipomuuliza Tate, alinyamaza, halafu akalitaja kwa sauti ndogo. Lilikuwa daftarini, pamoja na majina ya wazazi wake. Alituambia kwamba ni marehemu mume wake tu aliyeendelea kumwita hivyo nyumbani.

Kuna mambo ya vita ambayo hakutaka kusema. Tulifunga daftari letu. Historia ni yake, na si kila neno la nyumbani linafaa kusomwa mbele ya watu.

Katika Yoshua sura ya 4, Israeli waliweka mawe kumi na mawili kutoka Yordani ili watoto waulize maana yake. Wazee wetu ni mawe hayo, lakini hawatakaa siku zote. Wiki hii, kila jamaa imtembelee mzee mmoja na kumuuliza swali moja, na mtoto mmoja aandike.

Sisi sasa tunamsalimu Tate kwa jina lake la ubatizo. Anaitika haraka.