Kabla ya Kuagiza Kadi Kariakoo

Kompyuta nyingi za mezani wanazochezea vijana wa Tabora magemu hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ni mtumba wa ofisini, Dell OptiPlex au HP Compaq, uliopitia Dar es Salaam ukapanda bara. Usizidharau. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 mara nyingi ina prosesa ya Core i5-3470, na GTA V ilipotoka kwenye kompyuta mwaka 2015, prosesa iliyopendekezwa na watengenezaji wake ilikuwa hiyohiyo, pamoja na RAM ya GB 8. Kinachopungua ni kadi ya grafiki, na hapo ndipo hela za watu zinapoliwa.

Kijana anaona kadi mtandaoni, anatuma pesa Kariakoo, mzigo unapanda basi, ukifika hauingii kwenye kasha. Kuurudisha ni nauli nyingine na ubishi juu yake. Wa misafara ya zamani waliijua taabu hii: msafiri Stanley aliandika kwamba shanga nyeusi zilipokelewa kama malipo Ugogo, lakini kwingine njiani hazikununua kitu. Mzigo mbaya ulibebwa kwa ujira uleule wa mzigo mzuri.

Kwa hiyo anza na bisibisi, si simu. Fungua kasha, soma lebo ya pawa saplai. 7010 ya kasha dogo ina wati 240. Ya mnara ina wati 275, na kwa kawaida haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Basi kadi itabidi itosheke na umeme wa tundu inamochomekwa, ambao kwa kanuni hauzidi wati 75. GTX 750 Ti hula wati 60. GTX 1050 Ti hufika 75 kamili, na baadhi ya matoleo yake yana tundu la waya wa umeme pembeni, hayo yaache. Kwa kasha dogo mimi ningechukua GT 1030, wati 30 tu, tena ile ya kimo cha nusu yenye bamba fupi. Pima na unene wake kwa rula. Anayewaza kubadili pawa saplai ahesabu pini kwanza: OptiPlex 9020 ina plagi kuu ya pini 8 badala ya 24 za kawaida, kwa hiyo utahitaji adapta.

GT 1030 ina mtego. Zipo za kumbukumbu ya GDDR5 na zipo za DDR4, jina moja, na hizo za DDR4 ni nzito vibaya sana kwenye gemu. Mwombe muuzaji akupigie picha ya boksi. Mtego mkubwa zaidi ni kadi bandia: kadi chakavu ya zamani iliyobadilishwa programu ya ndani ili ijitambulishe kama 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi. Mwombe aiwashe kadi, aifungue GPU-Z, akutumie picha kabla hujalipa. Akikataa, umeshajibiwa.

RAM iwe vijiti viwili vya ukubwa mmoja, GB 4 na 4, si kimoja cha 8, ili prosesa isome njia mbili kwa pamoja. SSD haitaongeza ulaini wa picha, ila itakuondolea kungoja gemu lifunguke. GTA V peke yake ilidai GB 65 tangu mwanzo, hivyo SSD ya GB 120 itakuchosha mapema.

Kiangazi cha Tabora kina vumbi lake. Puliza kipoza joto cha prosesa kwa blowa, feni ukiwa umeishika kwa kidole isizunguke hovyo, kisha paka prosesa pesti mpya ya kupitisha joto. Ya zamani huwa imekauka kama chokaa. Mara nyingine gemu linalokwama baada ya nusu saa linataka usafi huo tu.

Windows 10 iliishiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hizi hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Kwa hiyo mashine ya magemu isiwe ya miamala ya benki. Jumla ya vipuri ikikaribia bei ya mtumba wa 2018, kama OptiPlex 7060, nunua huo.

Na kebo ya skrini chomeka kwenye kadi mpya. Wengi huiacha kwenye tundu la zamani, kisha wanamlaumu fundi.