Mabingwa wa Kukausha Ardhi

Kati ya mwaka 1993 na 2010 binadamu walivuta maji mengi kutoka ardhini kiasi cha kusogeza mhimili wa Dunia. Ncha yake ilihama karibu sentimita 80 kuelekea mashariki kwa sababu ya pampu zetu. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2023 na timu iliyoongozwa na Ki-Weon Seo wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul. Maji yenyewe yanakadiriwa kuwa tani bilioni 2,150, na mengi yaliishia baharini, yakainua usawa wa bahari kwa zaidi ya milimita 6.

Hakuna rekodi nyingine ya visima inayoweza kushindana na hiyo. Lakini ukizifuatilia rekodi nyingine, moja baada ya moja, hadi kwenye mzizi wake, utakutana na serikali iliyotoa kitu bure au kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana juhudi za kuhifadhi maji huwa ngumu: anayetunga sheria ya kuzuia ndiye aliyelipia pampu.

Tuanze na bingwa asiyekaribiwa. India huvuta takriban kilomita za ujazo 240 za maji ya ardhini kila mwaka, kiasi kinachozidi cha China na Marekani kikijumlishwa, na karibu yote huenda mashambani. Jimbo la Punjab ndilo kielelezo. Miaka ya 1960 serikali ilitaka nchi ijitosheleze kwa chakula, ikaleta mbegu mpya, mbolea na ahadi ya kununua ngano na mpunga kwa bei iliyopangwa. Mpunga si zao la asili la ardhi ile kavu, lakini ukiwa na kisima na soko la uhakika utaacha kuulima kwa nini? Kisha mwaka 1997 wakulima wa Punjab wakaanza kupewa umeme wa bure wa pampu. Zawadi hiyo iliwahi kusitishwa kwa muda, ikarudi, na tangu hapo hakuna mwanasiasa aliyethubutu kuigusa kwa uzito. Umeme unapokuja, swichi inawashwa. Pampu inafanya kazi usiku kucha, na hakuna bili ya kumkumbusha mtu aizime.

Mwaka 2009 Punjab ilipitisha sheria ya kulinda maji ya chini: hakuna kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 10 Juni. Fikra yake ilikuwa nzuri. Miche ikingoja hadi mvua za monsuni zikaribie, itakwepa wiki za jua kali zaidi, na maji yatakayopotea hewani yatapungua. Tatizo likatokea upande wa pili wa msimu. Kwa kuwa mpunga ulichelewa kupandwa, ulichelewa pia kuvunwa, na mkulima akabaki na siku chache tu za kusafisha shamba kabla ya kupanda ngano. Njia ya haraka ni kuchoma mabua. Sasa yanachomwa mwishoni mwa Oktoba na Novemba, wakati hewa imepoa na upepo umetulia, moshi unatanda hadi Delhi na watu wanakohoa. Maji yameokolewa kiasi, mapafu yamelipa. Mwaka 2018 Punjab ilijaribu njia nyingine: mkulima akitumia umeme chini ya kiwango alichopangiwa, analipwa kwa kila uniti aliyobakiza. Kwangu mimi huo ndio mpango wenye akili zaidi katika orodha hii yote, maana unamwachia mkulima ruzuku yake huku ukimpa sababu ya kuzima pampu.

Kwa kutitia kwa ardhi, mashindano ni makali. Jakarta ina maeneo ya kaskazini yaliyoshuka kwa mita kadhaa, na bahari inachungulia juu ya kuta. Serikali ya Indonesia imeamua kujenga mji mkuu mpya, Nusantara, kisiwani Borneo. Mexico City nayo ina sehemu zinazoshuka karibu sentimita 50 kwa mwaka. Ushahidi wake unaweza kuupanda kwa miguu. Mnara wa Malaika wa Uhuru, uliozinduliwa mwaka 1910, ulisimikwa kwenye nguzo zilizozama chini sana, kwa hiyo wenyewe ulibaki pale pale huku barabara ikishuka kuuzunguka. Wajenzi ilibidi waongeze ngazi 14 ili watu waendelee kuufikia.

Picha maarufu kuliko zote za aina hii, hata hivyo, ilipigwa California. Mwaka 1977 mtaalamu wa maji ya ardhini Joseph Poland alisimama kando ya nguzo ya umeme katika Bonde la San Joaquin. Juu kabisa ya nguzo kuna kibao cha 1925, chini yake cha 1955, na miguuni pake kibao cha 1977. Kila kibao kinaonyesha uso wa ardhi ulipokuwa mwaka huo. Kutoka cha juu hadi alipokanyaga ni kama mita 9. Udongo wa mfinyanzi uliokaushwa ni kama godoro la sufi lililolaliwa miaka mingi: ukishabanwa, haufumuki tena, hata ukirudishiwa maji. Pamoja na picha hiyo kuwa vitabuni kwa miongo, California ilingoja hadi 2014 kupitisha sheria ya kusimamia maji ya ardhini, na sheria yenyewe ikayapa mabonde yaliyo hoi zaidi hadi mwaka 2040 kurekebisha mambo. Yaani nyongeza ya robo karne kwa kosa lililokwisha kupigwa picha.

Ngano ghali kuliko zote ilivunwa Saudi Arabia. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 serikali iliwalipa wakulima bei iliyokuwa mara kadhaa ya ile ya soko la dunia, na maji yakavutwa kutoka miamba iliyojaa zamani jangwa lilipokuwa na mvua. Mwaka 1992 mavuno yalipita tani milioni 4, na ufalme usio na mto hata mmoja wa kudumu ukawa unauza ngano nje. Mwaka 2008 waliikiri hali halisi wakatangaza kuacha kununua ngano ya ndani hatua kwa hatua hadi 2016. Majani ya kulishia ng'ombe yakafuata kuzuiwa. Kampuni ya maziwa ya Almarai ikanunua mashamba Arizona, ambako sehemu kubwa ya vijijini mtu huvuta maji bila kipimo, ikawa inasafirisha majani makavu kwa meli hadi nyumbani. Hifadhi ya Riyadh ikageuka kiu ya Arizona. Oktoba 2023 gavana Katie Hobbs alitangaza kufuta na kutohuisha mikataba ya ardhi ya umma iliyokuwa mikononi mwa kampuni tanzu ya Almarai.

Bomba kubwa kuliko yote ni la Libya. Ujenzi wa ule waliouita Mto Mkubwa Uliotengenezwa na Binadamu ulianza 1984, kwa mabomba yenye kipenyo cha mita 4, yakipeleka maji ya kale ya Sahara hadi Benghazi na Tripoli. Gaddafi, aliyekuwa akiitawala Libya, aliuita ajabu la nane la dunia. Maji hayo hayajazwi tena na mvua yoyote ya zama hizi, na mwamba wenyewe Libya inaugawana na Misri, Sudan na Chad.

Kisima kirefu zaidi kilichochimbwa kwa mikono, cha Woodingdean karibu na Brighton, Uingereza, kina mita 392 na kilichukua miaka minne hadi 1862. Nakitaja kwa sababu tu siku hizi mashine inafika huko kwa siku chache.

Upande wa waliojirudi, kombe linakwenda Tokyo. Wilaya ya Koto ilikuwa imeshuka zaidi ya mita 4 viwanda vilipokuwa vikinyonya maji, ndipo zikaja sheria za 1956 na 1962 za kubana visima vya viwanda na vya majengo, huku viwanda vikipelekewa maji mbadala. Maji yalipanda tena, hadi stesheni za treni za chini ya ardhi zikaanza kusukumwa juu: Ueno ikawekewa vyuma vizito chini ya majukwaa, na stesheni ya Tokyo ikafungwa kwa nanga ardhini. Bangkok ilipata nafuu kwa kupandisha ada ya visima hadi ikazidi bei ya maji ya bomba.

Na rekodi yetu Tanzania? Ipo Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, mojawapo ya kumbukumbu ndefu zaidi za kina cha maji ya ardhini katika nchi za joto, iliyoanza miaka ya 1950. Watafiti walioichambua mwaka 2013 waliona jambo ambalo mvua za kawaida haziwezi kulionyesha: kina hushuka mwaka hadi mwaka, kisha msimu mmoja wa mvua za kufuru unakijaza kwa kishindo. Misimu saba tu kati ya 1955 na 2010 ilichangia asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia, na mkubwa kuliko yote ulikuwa wa El Niño ya 1997 na 1998, ile ile iliyobomoa madaraja na reli. Tangu Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kuwa serikali inahamia Dodoma, mji umekuwa ukikua kwa kasi juu ya akiba inayojazwa kwa namna hiyo, na bwawa la Farkwa limepangwa ili kuipunguzia mzigo. Vibali vya kuchimba visima virefu vipo kisheria. Wanaoviomba wajue kwamba hesabu ya pale haifanywi kwa wastani wa mvua za mwaka. Inafanywa kwa miaka iliyopita tangu mafuriko ya mwisho.