Joan Crawford na Sinema za Machweo Yake: Mapenzi au Uhakiki?

Makala haya yanahusu ubishi wa siku nyingi miongoni mwa wapenzi wa sinema za Marekani: tuzichukulieje picha dhaifu alizocheza Joan Crawford mwishoni mwa kazi yake? Nitaeleza kwanza chanzo cha ubishi wenyewe, kisha nitapima hoja za kambi mbili, na mwisho nitatoa msimamo wangu. Ndugu msomaji, usidhani hizi ni porojo za mashabiki tu. Swali lililomo humo tunakutana nalo kila tunapomhakiki msanii tunayempenda.

Tuanze na historia kidogo. Crawford aliingia kampuni ya MGM mwaka 1925, enzi za filamu bubu. Mwaka 1938 chama kimoja cha wenye majumba ya sinema kilimtangaza hadharani kuwa mmoja wa nyota ambao eti ni sumu kwa mauzo ya tiketi. Watu wakadhani kwisha habari yake. Akaibuka tena na Mildred Pierce (1945) iliyoongozwa na Michael Curtiz, akanyakua tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Baadaye aliteuliwa tena kwa Possessed (1947) na Sudden Fear (1952). Kwa hiyo tunayemjadili hapa hakuwa stelingi wa kubahatisha.

Mwaka 1962 alicheza na Bette Davis katika What Ever Happened to Baby Jane? ya Robert Aldrich, kisa cha ndugu wawili wa kike, wote waigizaji wa zamani, wanaoishi nyumba moja iliyojaa chuki. Picha ilivuta watazamaji wengi. Watayarishaji nao wakajifunza somo baya: kwamba mwigizaji wa kike aliyezeeka anauzika bado, mradi awe kichaa, muuaji au wa kuuawa. Ndipo zikafuata Strait-Jacket (1964) na I Saw What You Did (1965), zote za William Castle. Kisha Berserk (1967) ya Jim O'Connolly. Na Trog (1970) ya Freddie Francis, ambayo ndiyo ilikuwa sinema yake ya mwisho. Alifariki New York mwaka 1977.

Kambi ya kwanza ni ya walinda jina. Hawa husema picha hizo tusizihesabu: mumewe, Alfred Steele, mkuu wa Pepsi-Cola, alikuwa amefariki mwaka 1959, mama wa watu alihitaji kazi, basi tumwache. Wakibanwa sana, hugeuka na kusema kwamba hata Trog ni nzuri ukiitazama vizuri. Jamani! Ukipenda, chongo huita kengeza. Mimi huruma yao naielewa, lakini hoja yao haisimami. Shida za msanii zinaweza kutueleza kwa nini aliikubali kazi. Haziwezi kutueleza aliifanyaje.

Kambi ya pili ni ya wachekaji. Hao huitazama Trog ili wavunjike mbavu tu: mtu wa pangoni aliyevikwa kinyago cha sokwe, na dinosaria walioazimwa kutoka filamu nyingine, The Animal World (1956). Ni kweli vinachekesha. Lakini hebu tujiulize, kinyago kilishonwa na nani? Kila kosa lipelekwe kwa mwenyewe. Hata mwongozaji, Freddie Francis, alikuwa mpiga picha hodari aliyekwisha kupata Oscar kwa Sons and Lovers (1960). Kipaji cha mtu mmoja hakitoshi kuokoa mswada mbovu, awe mwongozaji au mwigizaji.

Kwa maoni yangu, tatizo la kambi zote mbili ni kuchanganya filamu na uigizaji. Chukua Strait-Jacket. Crawford ni Lucy Harbin, aliyemuua mumewe na hawara yake kwa shoka, na sasa ametoka hospitali ya wagonjwa wa akili baada ya miaka 20. Bintiye anamvika wigi, gauni la ujana na bangili za kulialia, arudi vile alivyokuwa zamani. Lucy anaanza kumtongoza mchumba wa binti huyo, na mtazamaji anaona aibu kwa niaba yake. Njama ya filamu ni ya kulazimisha, sikatai. Lakini onyesho hilo lina uzito, kwa sababu ndivyo biashara ya sinema ilivyomfanyia Crawford mwenyewe: ilimtaka awe mzee na kijana kwa wakati mmoja, kisha ikamshangaa.

Berserk siwezi kuitetea hivyo. Humo yeye ni Monica Rivers, mwenye sarakasi. Muuaji anafichuliwa haraka haraka dakika za mwisho, na Crawford naye anacheza kwa ukavu ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo kosa ni la mswada na la kwake pia, na tuseme hivyo bila kumung'unya maneno.

Je, alikuwa amechuja? Mwaka 1969, katika filamu ya televisheni iliyofungua mfululizo wa Night Gallery, alicheza tajiri kipofu anayenunua macho ya mtu maskini ili aone kwa saa chache tu. Mwongozaji alikuwa Steven Spielberg, kijana wa miaka 22. Hapo utamkuta Crawford mkali, mkatili na wa kuhurumiwa. Mwaka uliofuata akapewa Trog. Kilichoporomoka zaidi ni kazi alizokuwa akiletewa.

Na hata ndani ya Trog, mwishoni, baada ya kiumbe kuuawa, mwandishi wa habari anamtaka Dk. Brockton aseme neno. Crawford anakisukuma kando kipaza sauti na kwenda zake. Mlinda jina hawezi kutuonyesha thamani ya tendo hilo, maana kwake kila kitu ni kizuri; mchekaji naye alikwisha kuacha kutazama. Wenzangu mnaoona vingine, uwanja ni wenu.