Kuhesabu Mapigo ya Moyo Bila Kumgusa Mgonjwa

Ufikapo hospitali, muuguzi hushika kifundo cha mkono wako huku akitazama saa. Anafanya nini? Anahesabu mapigo ya moyo wako. Kila moyo ujikazapo, husukuma damu mpaka vidoleni na usoni. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 mpaka 100 kwa dakika moja. Mtoto mchanga huwa na zaidi ya 100.

Siku hizi kuna kamera ziwezazo kuhesabu mapigo pasipo kumgusa mtu. Je, zinawezaje? Damu humeza mwanga, hasa mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu huongezeka kidogo katika ngozi ya uso, na mwanga unaorudi hupungua kidogo. Jicho lako halioni badiliko hilo, lakini kamera huliona na kompyuta hulihesabu. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, walionyesha ya kuwa kamera ya kawaida na mwanga wa chumbani vyatosha.

Jambo hili latuhusu sisi wa Nyakasanza. Kumbuka ugonjwa wa Ebola wa mwaka 2018 mpaka 2020, ulioingia hata mji wetu wa Bunia. Kumgusa mgonjwa kulikuwa hatari. Kamera ingeweza kumlinda muuguzi.

Lakini angalia: mgonjwa akitikisika, au mwanga ukiwa hafifu, hesabu hupotea. Tena ngozi nyeusi humeza mwanga mwingi kabla haujafika kwenye damu, hivyo alama ya mapigo huwa ndogo. Kwa hiyo chombo cha namna hii sharti kijaribiwe kwanza kwa nyuso kama zetu, ndipo tukiamini.

Wewe nyumbani, tumia vidole vyako. Pumzika dakika tano. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chenyewe, maana kina mapigo yake. Hesabu dakika moja nzima.

Mapigo yakizidi 100 nawe umetulia, hesabu tena baadaye; yakibaki hivyo, nenda ukapimwe. Ukiwa na maumivu ya kifua, pumzi fupi au kuzimia, nenda hospitali mara moja, hata hesabu ikiwa njema. Lakini ukimdhania mtu ana Ebola, usimguse; waite watu wa afya.